C SI MWISHO WA SAFARI: NJIA YA KUUFIKIA UDAKTARI WA MIFUGO

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, yaliyofanyika parokiani baada ya matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne)



Wapendwa wenyekiti, makatibu na waweka hazina wa vikundi, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango: tunawashukuru kwa kuacha kazi zenu mkaja. Tunajua ng'ombe wa jioni hangoji mkutano uishe, kwa hiyo hatutawaweka sana.

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka, wazazi wanakuja kwetu na ile karatasi ya alama imekunjwa mara nne. Wengi wana swali linalofanana: "Mtoto wetu alitaka kuwa daktari wa mifugo. Amepata C. Sasa ndiyo basi?" Vikundi navyo vinatuuliza, maana siku hizi karo ya chuo hailipwi na baba na mama peke yao. Inalipwa na kikundi, na jumuiya ndogo ndogo, na harambee.

Jibu letu ni fupi: hapana, siyo basi. Lakini njia ya mtoto huyu ni ndefu kuliko ya yule aliyepata A, na mtu hawezi kuipita kama hana watu wa kumngojea. Kumngojea huko ndiko kazi ya kikundi. Hili ndilo neno tunalotaka mrudi nalo nyumbani.

KWA NINI LINATUHUSU SOTE

Wazee mnakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980, kijana akimaliza udaktari wa mifugo alikuwa anaajiriwa na serikali moja kwa moja. Josho lilikuwa la serikali, na mtu wa kupandisha ng'ombe kwa A.I. alipita barabarani kwa saa inayojulikana. Miaka ya 1990 serikali ilipunguza huduma hizo. Majosho mengi yaliachiwa kamati za wananchi, na mengine yakakauka kabisa. Tangu mwaka 2013 kazi ya mifugo huku vijijini iko mikononi mwa kaunti, na afisa mmoja anaweza kuwa na eneo kubwa asiloweza kulizunguka.

Pengo hilo limejazwa na nani? Mnamjua. Ni yule mwenye sindano mfukoni, aliyejifunza kwa kumtazama mwingine.

Tuchukue ugonjwa wa ndigana kali, unaoletwa na kupe. Iko chanjo yake iliyotengenezwa kwa utafiti wa Muguga, karibu na Nairobi. Chanjo hiyo si dawa ya kawaida. Ndani yake mna vijidudu hai vya ugonjwa wenyewe, na hutunzwa ndani ya mtungi wenye baridi kali sana. Siku ndama anapochanjwa lazima apewe papo hapo na sindano nyingine ya dawa ya kuvizuia vijidudu visimzidi nguvu. Mtu asiyejua hayo, au anayetaka kupunguza gharama kwa kuiacha ile sindano ya pili, amempa ndama ugonjwa.

Chukueni tena homa ya Bonde la Ufa. Wakati wa mlipuko wa 1997 hadi 1998, na tena ule wa 2006 hadi 2007, ugonjwa huu uliua mifugo na watu hapa Kenya. Wataalamu wanatuambia kwamba sindano moja ikitumiwa kwa mnyama baada ya mnyama wakati wa mlipuko, mwenye sindano anaweza kuusambaza ugonjwa yeye mwenyewe kutoka zizi hadi zizi.

Basi mkimsomesha kijana wa kijiji mkamfikisha, mmempa kazi, na tena mmeyalinda mazizi yenu na watoto wanaokunywa maziwa ya hapo.

KWANZA, SOMENI KARATASI VIZURI

Wazazi wengi huangalia gredi ya jumla tu, halafu wanalia au wanachinja kuku. Hebu tuende pole pole.

Gredi za KCSE ni 12, kutoka A yenye pointi 12 hadi E yenye pointi 1. C+ ni pointi 7, C ni 6, C- ni 5. Mlango wa kuingia chuo kikuu moja kwa moja kutoka sekondari ni C+. Lakini kwa udaktari wa mifugo C+ ya jumla peke yake haitoshi. Wanaangalia masomo, hasa Biolojia na Kemia, na pamoja nayo Hisabati au Fizikia. Tena nafasi ni chache na wanaozitaka ni wengi, kwa hiyo anayepangwa na shirika la KUCCPS kwa kozi hii mara nyingi ana alama za juu sana kuliko hiyo C+.

Sasa tuseme mna vijana wawili hapa kijijini, wote wana C. Wa kwanza ana B katika Biolojia na C+ katika Kemia, lakini Historia na Kiingereza vimemvuta chini. Wa pili amepata C yake kwa Kiswahili na Dini, na Kemia ana D. Gredi ya jumla ni moja, lakini njia zao si moja. Wa kwanza ana msingi wa kazi ya afya ya mifugo. Wa pili tusimdanganye. Anaweza kuwapenda wanyama kwa moyo wote, lakini bila Kemia atateseka na masomo ya madawa. Huyo tumwoneshe kazi nyingine za mifugo. Kuna Chuo cha Maziwa kule Naivasha, na kuna chuo cha mafunzo ya nyama kule Athi River. Mtu anayejua kushughulikia maziwa au nyama hakosi kazi mahali penye ng'ombe.

Kwa hiyo kabla kikundi hakijachanga hata shilingi, kaeni na kijana na karatasi yake, msome somo baada ya somo.

NGAZI INA VIDATO VITATU

Kazi ya afya ya mifugo ina ngazi, na kila kidato kina kazi yake.

Kidato cha kwanza ni cheti. Vyuo vinavyojulikana zaidi ni vile vya serikali viitwavyo AHITI, vilivyoko Kabete, Nyahururu na Ndomba kule Kirinyaga. Masomo ya cheti huchukua miaka 2 hivi. Mlango wake uko chini ya C+, ila Biolojia na Kemia bado zinaangaliwa. Anayemaliza anajua kuchanja, kuhasi, kukata pembe, kutambua magonjwa ya kawaida na kumfundisha mkulima usafi wa maziwa.

Kidato cha pili ni diploma ya afya ya mifugo, miaka 3 hivi. Diploma inatolewa Egerton na vyuo vingine. Kijana wetu wa C mwenye Biolojia na Kemia nzuri anaweza kuanzia hapa bila kupitia cheti. Mwenye cheti naye, akifaulu vizuri, anaweza kupanda mpaka hapa.

Kidato cha tatu ni shahada ya udaktari wa mifugo yenyewe, miaka 5. Chuo Kikuu cha Nairobi kinaifundishia Kabete, na Egerton pia wanayo. Hapa ndipo wengi hawajui: mlango huu haufunguliwi na KCSE peke yake. Mwenye diploma ya afya ya mifugo aliyofaulu vizuri anaweza kuomba nafasi kwa diploma hiyo. Hapo chuo kinaangalia amefanya nini tangu alipotoka sekondari.

Sasa pigeni hesabu. Kijana akianza na cheti, kisha diploma, kisha shahada, ni miaka 10. Ukiongeza mwaka mmoja au miwili ya kufanya kazi katikati ili apate karo, anaweza kuwa amekaribia au amepita miaka 30 kabla ya kuitwa daktari. Ni muda mrefu, hatukatai. Lakini tofauti yake na njia ya moja kwa moja ni kwamba huyu hakai bure miaka hiyo yote. Kuanzia mwaka wa tatu tayari ana ujuzi wa kuchanja ng'ombe wenu na kupata mkate wake.

Na wako watakaoishia kwa cheti au diploma. Hao hawajashindwa. Mnaukumbuka mfano wa talanta katika Injili ya Matayo. Yule aliyepewa talanta mbili hakuulizwa kwa nini hakuleta tano. Aliulizwa juu ya mbili zake, na alipozizalisha alisifiwa sawasawa na mwenzake.

SHERIA INASEMA NINI

Neno hili vijana mlisikilize sana. Tangu mwaka 2011 Kenya ina sheria inayowahusu madaktari wa mifugo pamoja na wasaidizi wao wenye cheti na diploma. Chini ya sheria hiyo iko Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Anayetaka kufanya kazi hii lazima aandikishwe na Bodi, na chuo kinachofundisha lazima kiwe kimekubaliwa.

Maana yake ni nini kwetu? Mnaweza kumlipia mtoto karo miaka miwili, akapata karatasi nzuri yenye mhuri, halafu Bodi ikakataa kumwandikisha kwa sababu chuo chake hakijulikani. Pesa zimekwenda na miaka imekwenda. Kwa hiyo swali la kwanza kwa chuo chochote, kabla ya kuuliza karo, liwe hili: "Je, kozi hii imekubaliwa na Bodi?" Tena msitosheke na jibu la chuo. Ulizeni Bodi yenyewe, au ofisi ya mifugo ya kaunti iwasaidie kuuliza. Na wanaofikiria kuvuka mpaka, waende Makerere kule Uganda au Sokoine kule Morogoro, wapitie kwa Bodi kwanza kabla ya kupanda basi.

Sheria inasema pia kwamba mwenye cheti au diploma hufanya kazi chini ya usimamizi wa daktari. Ajue mpaka wake. Akijiita daktari kabla ya wakati, anawadanganya wakulima na kujiharibia ngazi.

JIHADHARINI NA NJIA ZA MKATO

Kikundi kimoja cha akina mama kilitujia kikiwa na mtamba mmoja wa maziwa aliyekuwa mali ya kikundi. Mtu alikuwa amewaambia kwamba kwa pesa fulani ataweza "kuongea na watu" ili binti yao mwenye C aingizwe kwenye udaktari wa mifugo moja kwa moja. Walitaka ushauri: wamuuze mtamba?

Tuliwauliza maswali matatu tu. Je, mtu huyo ana ofisi chuoni? Pesa zinakwenda kwa akaunti ya chuo au mkononi mwake? Barua ya nafasi itatoka kwa nani? Walitazamana. Mama mmoja akasema, "Jameni, hata jina lake la pili hatulijui." Mtamba hakuuzwa. Binti aliomba cheti kwa njia ya kawaida, na maziwa ya mtamba yakawa yanasaidia karo.

Nafasi za chuo zinatangazwa, na nyingi hupitia KUCCPS. Maombi hujazwa kwa kompyuta. Asiye na mtu wa kumsaidia aende kwa cyber iliyo karibu, lakini mzazi akae pale pale, na nywila ya mtoto isibaki kwa mwenye duka. Karo hulipwa kwa akaunti ya chuo na risiti hutunzwa na katibu. Hakuna nafasi inayouzwa chini ya mwembe.

JE, ARUDIE MTIHANI?

Kurudia kunafaa kwa wachache. Kunamfaa aliyekosa kidogo tu, na sababu inajulikana. Pengine aliugua wakati wa mtihani, au alikosa shule muhula mzima kwa sababu ya karo, na walimu wake wanasema alikuwa mtu wa B. Huyo anaweza kurudia shuleni au kufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Lakini yule aliyejitahidi miaka minne, akakaa mitihani yote, akapata C yake ya haki, msimrudishe ili kuwafurahisha majirani. Ule mwaka mmoja wa kurudia ni nusu ya kozi ya cheti. Kumbukeni tena kwamba mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 unafika mwisho wake. Wanafunzi wake wa mwisho waliingia Kidato cha Kwanza mwaka 2024, na mtihani wao wa KCSE umepangwa kuwa wa 2027. Mlango wa kurudia hautabaki wazi kama tulivyouzoea.

KAZI YA KIKUNDI

Sasa turudi kwenu viongozi. Tumeona vikundi vikichanga kwa nguvu muhula wa kwanza, ngoma na picha, halafu muhula wa tatu kijana anafukuzwa kwa karo na hakuna anayepokea simu. Ili hilo lisitokee, tunawashauri hivi:

1. Kadirieni gharama yote kabla ya kuanza. Karo siyo yote. Kuna chumba, chakula, nauli, vitabu, koti jeupe, ovaroli na gambuti. Kuna pia wakati wa mazoezi ya nje ambapo mwanafunzi anajilisha mwenyewe.

2. Changeni kidogo kwa muda mrefu. Kiasi kidogo kila mwezi kwa miaka mitatu kina faida kuliko harambee moja kubwa. Haba na haba hujaza kibaba.

3. Tafuteni msaada mwingine mapema. Bodi ya HELB iliyoundwa mwaka 1995 hukopesha wanafunzi wa vyuo vikuu na wa vyuo vya ufundi pia, lakini mkopo ni deni, kijana alielewe hivyo. Ulizeni kwa chifu na katika ofisi ya wadi kama basari ipo, na maombi yapelekwe kabla ya siku ya mwisho.

4. Andikeni mapatano. Kama pesa ni zawadi, semeni ni zawadi. Kama ni mkopo, andikeni utarudishwa lini na kwa njia gani. Akina baba, msimfunge kijana kwa maneno ya "tulikusomesha" mpaka azeeke.

5. Msimbague msichana. Bado tunasikia watu wakisema kwamba binti hawezi kumshika fahali. Fahali hashikwi kwa misuli, anashikwa kwa kamba na kibanio na kwa kujua tabia yake. Na ni nani anayekamua, anayekata majani na anayejua siku ng'ombe alipokataa kula? Ni mama na binti.

6. Mpeni kazi kabla na baada. Wakati wa likizo mwombeni afisa wa mifugo wa kaunti akubali atembee naye. Akihitimu na kuandikishwa, kikundi kiwe mteja wake wa kwanza. Pangeni siku ya chanjo, leteni ng'ombe wote mahali pamoja, mlipe siku hiyo hiyo. Msimwambie, "Wewe ni mtoto wetu, tutakupa mwisho wa mwezi," huku yule wa sindano ya mfukoni mkimlipa papo kwa papo.

Hilo la mwisho tunalisema kwa uchungu. Vijana wengi waliosomea kazi hii wamehamia mijini kuuza simu. Kazi iko, ila wenyeji wao walitaka kutibiwa kwa mkopo usioisha. Mkimsomesha mtu halafu mkamnyima malipo yake, mmemwaga maziwa mliyokamua wenyewe.

NENO KWA VIJANA

Ninyi wa mlangoni huko, sasa ni zamu yenu. Karatasi ile inasema ulivyofanya mtihani mwezi fulani wa mwaka fulani. Haisemi utafanya nini ukiwa chuoni. Lakini ukianza na cheti, hapo hakuna tena nafasi ya kulala. Diploma na shahada zitauliza ulifauluje. Mwenye C anayepita kidato cha kwanza kwa uzembe amejifungia cha pili mwenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Na wakati mnangoja majibu ya vyuo, msikae njia panda. Pelekeni ng'ombe joshoni. Andikeni kwenye daftari siku ndama alipozaliwa, siku alipochanjwa, maziwa lita ngapi. Daftari hilo mtakwenda nalo chuoni mkijua mambo ambayo wengine watayaona kwa mara ya kwanza kitabuni.

Tumesema mengi, na jua linakwenda. Mwenyezi Mungu, aliyetukabidhi wanyama tuwatunze, awape moyo wa kungoja na mkono wa kutoa.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni nani anayetibu mifugo sasa? Tunajua kama ameandikishwa?

2. Ni kijana gani, wa kike au wa kiume, ana Biolojia na Kemia nzuri lakini gredi yake ya jumla imemkatisha tamaa? Ni nani atamtembelea wiki hii?

3. Kikundi chetu kinaweza kutoa kiasi gani kila mwezi kwa miaka mitatu bila kukosa?

4. Akirudi na cheti chake, tuko tayari kumlipa siku ile ile?